Makaa ya mawe chini ya shamba lako: mwongozo kamili wa kufuatilia tathmini ya mazingira na kutoa maoni yenye uzito

Hatimiliki ya shamba nchini Kenya inakupa udongo, miti, nyumba na kisima. Madini yaliyo chini haikupi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinayaweka madini katika kundi la ardhi ya umma, hata yakiwa chini ya shamba ulilorithi kwa babu. Ndiyo maana kila leseni ya kuchimba makaa ya mawe ni mali ya umma inayokodishwa, na ndiyo maana kila Mkenya, si mwenye shamba peke yake, ana haki ya kuulizwa.

Kuulizwa huko hufanyika hasa katika tathmini ya mazingira, yaani utafiti wa madhara ya mradi unaofanywa kabla ya leseni ya mazingira kutolewa, nako kuna utaratibu wake, kuna siku zake za mwisho, na kuna karatasi zake. Watu wengi huuona utaratibu huo umeshapita: mwekezaji anafika na chifu, watu wanaitwa barazani, soda zinagawanywa, majina yanaandikwa, na miezi michache baadaye leseni iko mezani. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuingia mapema, na kuacha nyuma yake maandishi ambayo jopo au mahakama haitaweza kuyaruka. Nitazungumzia Kenya, kwa sababu ina kesi mbili kubwa zinazoonyesha vizuri ni nini hufanikiwa na ni nini hukwama.

Mui na Lamu

Bonde la Mui liko Kaunti ya Kitui, na serikali ililigawa vitalu vinne, A hadi D. Kampuni ya Fenxi kutoka China ilipewa vitalu C na D mwaka 2011. Wakazi walikwenda mahakamani wakisema hawakushirikishwa, na mwaka 2015 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Machakos, wakatoa uamuzi ambao hadi leo mawakili wa mazingira huunukuu. Walisema afisi ya serikali lazima ibuni njia ya kushirikisha watu inayolingana na jambo lenyewe. Wananchi wapewe habari za kutosha. Si lazima kila mtu asikizwe, lakini ionekane kwamba makundi mbalimbali yalitafutwa kwa makusudi. Na maoni yapokewe kwa nia njema, ingawa hakuna mtu anayehakikishiwa kwamba neno lake ndilo litakalofuatwa.

Kanuni nzuri sana. Ila wakazi hawakuipata tiba waliyoiendea. Upande wa serikali uliweka mbele ya majaji ushahidi wa mikutano na wa kamati ya uhusiano ya wakazi, na mahakama ikaona kwamba kwa hatua iliyokuwa imefikiwa, ushirikishaji huo ulitosha.

Sasa tazama Lamu. Pale hapakuwa na mgodi bali mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, si mbali na Mji wa Kale ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Makaa yangeletwa kwanza kwa meli kutoka nje, kisha baadaye yatoke Kitui. Kwa hiyo Mui na Lamu ni mambo ya mnyororo mmoja. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilitoa leseni Septemba 2016. Wakazi, kupitia muungano wa Save Lamu, wakakata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni hiyo. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi ikashikilia uamuzi huo.

Kilichoiangusha leseni ya Lamu hakikuwa wingi wa waandamanaji, ingawa walikuwepo na walikuwa jasiri. Jopo lilipanga tarehe mezani: mikutano iliyodaiwa kuwa ya kushirikisha umma ilikuwa ya utangulizi, ilifanyika kabla utafiti wenyewe haujakuwa na matokeo ya kuwaonyesha watu, na baada ya utafiti kukamilika wakazi hawakurudiwa kwa namna kanuni zinavyotaka. Jopo likasema kwamba bila ushiriki wa umma, ripoti haina uhai hata ikiwa nene namna gani. Pia lilikuta Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Ukizilinganisha kesi hizi utaona ni nani alikuwa na karatasi. Kila hatua iliyo hapa chini ina lengo hilo: karatasi yenye tarehe iwe mikononi mwenu.

Jua kwanza ardhi yenu ni ya aina gani

Madini ni ya umma, lakini ardhi ya juu inaweza kuwa ya mtu binafsi, ya jamii, au ya umma, kama msitu wa serikali au hifadhi. Nguvu yako inabadilika kulingana na hilo.

Ikiwa ni ardhi ya mtu binafsi, Sheria ya Madini ya 2016 inataka idhini ya mwenyewe, na ikiwa serikali itaitwaa kwa lazima, Kifungu cha 40 cha Katiba kinadai fidia ya haki, kamili na bila kucheleweshwa. Kifungu hichohicho kinaacha nafasi ya kumlipa fidia mtu anayeishi pale kwa nia njema bila hati. Watu wengi katika maeneo ambayo ardhi haijamaliza kupimwa hawalijui hili, na hukubali kuambiwa kwamba bila hati hawana lao. Usikubali.

Ikiwa ni ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36, inataka makubaliano na mwekezaji yapitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ambao thuluthi mbili yao wamehudhuria. Wazee watano kutia saini hotelini mjini hakutimizi hilo. Lakini kinga hii ina nguvu zaidi jamii ikiwa imesajiliwa na orodha ya wanachama ipo. Kama bado, huo ndio mwanzo wa kazi, na unafaa kufanywa kabla mwekezaji hajatia mguu.

Ikiwa ni ardhi ya umma juu na chini, hakuna idhini ya mtu mmoja ya kutafutwa, na hapo tathmini ya mazingira inabaki kuwa mlango mkuu wa mwananchi. Malisho, kuni, asali, maji ya mifugo, njia za kupitia: andika matumizi yote mnayoyapata pale, maana afisa wa Nairobi akiangalia ramani ataona sehemu tupu.

Kamata tangazo likiwa bichi

Matangazo ni ya aina mbili, na watu huyachanganya.

La kwanza ni la Sheria ya Madini, mtu anapoomba leseni. Pingamizi la maandishi kwa Waziri linatakiwa ndani ya siku 21 kwa leseni ya utafutaji, na siku 42 kwa leseni ya uchimbaji. Leseni ya utafutaji huonekana ndogo, ya kuchoronga mashimo na kuchukua sampuli tu. Lakini hapo ndipo mwekezaji anapopata mguu wa kwanza, na pingamizi lililotolewa mapema huonyesha baadaye kwamba wakazi hawakunyamaza. Fuatilia Wizara ya Nishati pia, kwa sababu vitalu vya Mui viligawanywa kupitia huko.

La pili ni la NEMA, ripoti ya tathmini inapowasilishwa. Hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, magazetini na redioni, nalo hueleza mradi ni nini, uko wapi, na ripoti inasomewa wapi. Kwa kawaida hukupa siku 30 za kutoa maoni tangu tarehe ya kuchapishwa, si tangu siku uliyoliona.

Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa na husomwa bure mtandaoni. Mpeni mtu mmoja kijijini, kijana mwenye simu na bando, kazi ya kulipitia kila wiki akitafuta jina la kaunti, la wadi, na neno la madini. Mwingine asikilize redio ya lugha ya nyumbani. Tangazo likionekana, lipigeni picha likiwa na tarehe na namba yake, na mkate gazeti lenyewe mlihifadhi. Kama halikusomwa redioni au halikubandikwa kwa chifu, andikeni hivyo siku hiyohiyo, maana hiyo yenyewe ni hoja.

Siku zikiwa hazitoshi, kifungu cha 59 cha sheria ya mazingira (EMCA) kinairuhusu NEMA kuongeza muda mtu akiomba. Ombeni mapema, kwa barua, na sababu halisi: ripoti ina mamia ya kurasa, iko kwa Kiingereza, nakala ya karibu iko mbali.

Hadidu za rejea, hatua ambayo karibu wote huikosa

Kabla ya utafiti, mwekezaji huandaa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo yatakayochunguzwa, na NEMA huziidhinisha. Kisichokuwa ndani ya hadidu hakitapimwa. Kama hazikutaja maji ya chini ya ardhi upande wa bondeni, mwaka mmoja baadaye utaambiwa eneo hilo halikuwa sehemu ya utafiti.

Mnaposikia tu kwamba wataalamu wameanza kuzunguka, mwandikieni mkurugenzi wa mazingira wa kaunti mkiomba nakala ya hadidu, na mwambatishe orodha yenu ya yanayotakiwa kupimwa. Muulize pia jina la mtaalamu mkuu na namba yake ya usajili. Anayefanya kazi hii lazima awe amesajiliwa na NEMA, na orodha iko wazi kwa kila mtu.

Barazani

Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za 2003, kanuni ya 17, zinaeleza wajibu wa mwekezaji wakati wa utafiti: mabango karibu na eneo, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, taarifa ya mkutano angalau wiki moja kabla, na mtu mwenye sifa wa kupokea na kunakili maoni, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Ibebeni kanuni hii ikiwa imechapishwa kwenye karatasi moja. Afisa anayeona wananchi wameshika kanuni mkononi huendesha mkutano kwa namna nyingine kabisa.

Katika baraza lenyewe, jambo la hatari kuliko yote ni orodha ya mahudhurio. Majina na saini mia mbili za waliokuja kusikiliza huweza kugeuka, ndani ya kiambatisho cha ripoti, kuwa majina mia mbili ya waliokubali. Kabla ya kusaini, soma kichwa cha karatasi. Kama hakina kichwa, andika wewe: orodha ya waliohudhuria tu. Kando ya saini yako unaweza kuongeza "sijatoa ridhaa". Kisha iombe karatasi uipige picha, kila ukurasa.

Wekeni makatibu wenu wawili, mmoja mwanamke, waandike kumbukumbu: saa mkutano ulipoanza, nani aliongoza, lugha iliyotumika, maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, na hasa yaliyoachwa bila jibu. Mkutano ukiisha kumbukumbu zisomwe, zisainiwe na watu kadhaa, na nakala ipelekwe kwa chifu na kwa afisi ya NEMA kaunti ndani ya siku chache. Barua iliyopigwa muhuri wiki hiyohiyo ina uzito kuliko kiapo cha miaka mitatu baadaye.

Nawaomba pia mwangalie nani hayupo. Wanawake wanaoteka maji wanajua kila shimo la maji na mwezi linapokauka. Wafugaji wanaopita kwa msimu hawaonekani siku ya baraza. Uamuzi wa Mui ulidai makundi yatafutwe kwa makusudi, kwa hiyo baraza la wazee wanaume pekee linaweza kupingwa kwa msingi huo. Na mkutano uliofanywa kabla ya matokeo ya utafiti usikubali uitwe mkutano wa kujadili matokeo. Hapo ndipo Lamu ilipoegemea.

Kuipata ripoti

Tangazo la NEMA hutaja afisi ambazo ripoti inasomewa, kwa kawaida makao makuu ya NEMA, South C Nairobi, na afisi ya mkurugenzi wa kaunti. Siku hizi nyingi huwekwa pia kwenye tovuti. Ukifika na kuambiwa haipo, omba uandikiwe hivyo. Wakikataa, andika barua wewe mwenyewe ukieleza siku, saa na uliyoambiwa, uiache pale na ubaki na nakala yenye muhuri.

Silaha nyingine ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria yenyewe inasema hivyo. Kuomba hakulipiwi, ila unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Afisi ina siku 21 za kuamua. Ikikaa kimya au ikikataa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua inaweza kuwa fupi namna hii:

"Kwa Mkurugenzi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za: ripoti kamili ya tathmini ya mradi wa makaa ya mawe wa (jina na eneo) pamoja na viambatisho vyote, hadidu za rejea zilizoidhinishwa, kumbukumbu na orodha za mahudhurio za mikutano yote, na maoni ya taasisi za serikali zilizoombwa ushauri. Nitapokea kwa barua pepe au kwa nakala ya karatasi."

Usisahau yale maneno "viambatisho vyote". Siri nyingi ziko huko nyuma.

Namna ya kuisoma bila kuzama

Usianze ukurasa wa kwanza. Muhtasari umeandikwa na upande unaotaka leseni. Anza na viambatisho: orodha za mahudhurio na kumbukumbu. Linganisha na zenu. Majina ya watu wasiokuwepo, mkutano ambao haukufanyika, maswali magumu yaliyofutwa, yote hayo yaandike pembeni na namba ya ukurasa.

Kisha nenda kwenye maji. Kitui ni nchi kavu, watu hufukua mashimo kwenye mchanga wa mito ya msimu, na mabwawa ya mchanga yamejengwa kwa jasho la vikundi vya wanawake kwa miongo. Shimo la mgodi likishuka chini ya kiwango cha maji, lazima maji yavutwe kwa pampu ili wachimbaji wafanye kazi, na visima vya jirani hushuka pamoja nayo. Tafuta ripoti inasema maji yatashuka umbali gani kutoka shimoni, na kwa miaka mingapi. Angalia kama visima na mashimo ya kijiji chenu yamo kwenye ramani. Angalia vipimo vilichukuliwa mwezi gani: vipimo vya baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba peke yake havielezi hali ya Septemba.

Palepale kwenye maji, tafuta asidi. Makaa ya mawe na miamba inayoyazunguka mara nyingi huwa na pairiti, madini ya chuma na salfa. Yakifukuliwa na kukutana na hewa na maji, hutoa asidi ya salfa, na asidi hiyo huyeyusha metali kutoka kwenye mwamba na kuzipeleka mtoni. Hali hii inaweza kuendelea miongo mingi baada ya mgodi kufungwa. Ripoti makini huwa na majibu ya maabara yanayoonyesha miamba hiyo ina uwezo gani wa kutoa asidi, na mpango wa kuzuia. Kama inasema tu kwamba athari kwa maji "zitadhibitiwa ipasavyo", umepata shimo kubwa la kulitaja.

Vumbi na moshi vinafuata. Je, wamepima hewa kabla ya mradi? Upepo mkuu unavuma kuelekea shule gani, zahanati gani? Malori yatapita barabara ipi na mara ngapi kwa siku? Marundo ya makaa hujiwasha yenyewe yakiachwa. Mpango wa moto uko wapi?

Sehemu ya watu huhitaji hesabu ya macho yenu wenyewe. Hesabuni kaya zilizotajwa kuhamishwa na zile mnazozijua. Makaburi yamehesabiwa? Mathembo ya Wakamba, miti na mahali pa ibada za jadi, yametajwa kwa majina au yamefichwa ndani ya sentensi moja kuhusu utamaduni? Watakaohamishwa wanapelekwa wapi, na huko kuna maji?

Kuna mambo matatu ambayo ripoti nyingi huyapita mbiombio. Moja ni njia mbadala: sheria inataka zichambuliwe, pamoja na ile ya kutofanya mradi, na kurasa mbili za kuikataa bila takwimu si uchambuzi. La pili ni tabianchi: kifungu cha 20 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi kinaitaka NEMA iingize hatari za tabianchi katika tathmini zote. La tatu ni pesa za kurudisha ardhi. Sheria ya Madini inadai dhamana ya kulinda mazingira, itakayotumika kampuni ikiondoka bila kufukia. Kiasi gani, nani aliikokotoa, na inatosha kufukia shimo la ukubwa gani? Mimi hii naiona kuwa sehemu inayofaa kusomwa kwa ukali kuliko zote, kwa sababu kampuni inaweza kufilisika lakini shimo litabaki na watoto wetu.

Kuandika maoni

Andika kwa Kiswahili ukitaka. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya lugha rasmi sawa na Kiingereza, na hakuna afisa mwenye haki ya kukurudishia barua kwa sababu hiyo.

Hili hapa ni oni lisilo na nguvu: "Sisi wakazi tunapinga mgodi huu kwa sababu utaharibu mazingira na afya zetu." Ni kweli, na linatoka moyoni, lakini NEMA italijibu kwa sentensi moja.

Sasa litazame hili, la kubuni kwa ajili ya mfano: "Ukurasa wa 84, jedwali la vyanzo vya maji: ripoti imeorodhesha visima vitano. Kijiji chetu peke yake kina visima vitatu na mashimo tisa ya mchangani ambayo hayamo (tazama ramani na picha tulizoambatisha, zilizopigwa mwezi wa nane). Kwa kuwa vyanzo hivi havikupimwa, hitimisho la ukurasa wa 131 kwamba kushuka kwa maji hakutaathiri kaya yoyote halina msingi. Tunaomba NEMA ikatae ripoti hadi vyanzo vyote vipimwe katika kiangazi na katika mvua."

Tofauti iko katika mambo manne: ukurasa, kilichokosekana, ushahidi, na ombi. Kila hoja iandikwe hivyo, ikiwa na namba yake, kwa sababu mnamtaka afisa alazimike kuijibu au aonekane ameiruka. Hoja sita zilizoshikana zinashinda thelathini zilizotawanyika.

Barua moja yenye saini mia ni nzuri, lakini ongezeni barua fupi za watu wenye ujuzi wa pekee: mwalimu mkuu kuhusu barabara ya shule, mhudumu wa afya kuhusu wagonjwa wa kifua, mfuga nyuki kuhusu maua ya msitu. Mtu asiyejua kuandika ana haki ya kutoa maoni kwa mdomo. Mnakilieni, msomeeni, aweke dole gumba, na shahidi asaini.

Msiwafunge mdomo wanaoutaka mgodi. Vijana wanaotafuta kazi ni wakazi pia, nao waandike hoja zao, wakidai ajira ngapi, za aina gani, na kwa mkataba upi wa maendeleo ya jamii. Sheria ya Madini inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayoyachimba, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, na anayeunga mkono mradi anapaswa kuuliza hiyo 10 itapitia mikono ya nani.

Pelekeni kwa mkono kwa mkurugenzi wa kaunti, na kwa barua pepe kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, kabla ya siku ya mwisho. Nakala yenu ipigwe muhuri wenye tarehe. Katika barua hiyohiyo ombeni kikao cha hadhara. NEMA inao uwezo wa kukiitisha, na ombi lililokataliwa bila sababu ni hoja nyingine kwenye rufaa.

Leseni ikitolewa

Anza kuhesabu siku 60. Kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira kinampa mtu asiyeridhika na kutolewa kwa leseni muda huo kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, na msitegemee kuongezewa hata siku moja. Kwa hiyo baada ya kutuma maoni, ulizeni NEMA kwa maandishi kila wiki mbili kama uamuzi umetolewa. Leseni inaweza kutoka bila mtu kubisha hodi kwenu.

Jopo halifungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama, na mwananchi anaweza kufika bila wakili, ingawa kwa mradi wa ukubwa huu tafuteni wakili: Kituo cha Sheria, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au mashirika ya mazingira yenye mawakili. Pamoja na rufaa, ombeni amri ya kuzuia kazi isianze wakati kesi inasikilizwa. Asiyeridhika na jopo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Njia nyingine ni Kifungu cha 70 cha Katiba, ambacho hakidai uonyeshe kwamba umeshapata hasara; tishio kwa mazingira safi linatosha kukufungulia mlango.

Mjiandae kwa muda mrefu. Lamu ilichukua karibu miaka mitatu joponi, kisha mingine sita mahakamani. Wekeni jalada katika nakala tatu, kwa watu watatu wanaoishi mahali tofauti, na moja iwe ya kidijitali. Mwekezaji aliyeshindwa anaweza kurudi na utafiti mpya, na hapo ramani yenu ya visima itahitajika tena.

Na kama leseni itasimama, ombeni nakala yake pamoja na masharti yote. Leseni ya mazingira huja na masharti ya vipimo vya maji, vumbi, na ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Tumeni ombi la habari, lilelile la Kiswahili, kila ukaguzi unapofika, na mlinganishe takwimu za kampuni na zenu za kisimani. Mradi ukibadilika sana kuliko ulivyoelezwa, au ikidhihirika kwamba habari za ripoti zilikuwa za uongo, NEMA ina mamlaka ya kudai tathmini mpya na hata kuifuta leseni, na barua ya kuidai hatua hiyo inaweza kuandikwa na mkazi yeyote.